Nani Kashinda?

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya shule, na binti yangu alitoka chumbani soksi moja ikiwa mguuni na ya pili mkononi. Alinikuta sebuleni nimekaa kwenye kochi bila kuwasha taa, simu imelala kifudifudi pajani. Alijua kwamba nilikuwa nafuatilia mpira wa kikapu wa Marekani, kwa kuwa yeye mwenyewe anacheza kikapu shuleni na hilo ndilo jambo tunalolipenda pamoja, basi akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza.

"Baba, nani kashinda?"

"Mia mbili ishirini na mbili," nikamjibu.

Akaniangalia kidogo. "Hiyo ni timu?"

Aliendelea kuvaa soksi yake, akanywa chai, akaondoka. Mimi nikabaki pale mpaka mwanga ulipoanza kuonekana juu ya mawe ya Kitangiri, hapa Mwanza. Wiki tano zimepita, nimejaribu kuliandika jambo hili mara tatu na mara zote nikafuta, kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naeleza jinsi nilivyoliwa kwenye beti, na kuliwa si habari. Habari ni kwamba sikujua nani alikuwa ameshinda.

Nilikuwa nimeweka shilingi 2,000 kwenye anda ya 221.5, yaani nilibeti kwamba pointi za timu zote mbili zikijumlishwa hazitafika 222. Zikiwa zimebaki sekunde 12, matokeo yalikuwa 108 kwa 105, yaani jumla 213, na ili nipoteze zilihitajika pointi tisa zaidi ndani ya sekunde hizo. Kichwani nilikuwa nimekwisha kuipokea ile 3,700 ambayo ningelipwa. Kisha mchezaji wa timu iliyokuwa nyuma akatupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, ikawa 108 kwa 108, na muda ukaisha. Zikaongezwa dakika tano, na pointi za muda wa nyongeza huhesabiwa katika jumla. Dakika mbili za nyongeza hazikupita, jumla ikasoma 222, nikaigeuza simu.

Niseme ukweli wote. Mtupo ule sikuuona. Ninaposema kwamba mchezaji alitupa, ninamaanisha kwamba 105 iligeuka kuwa 108 kwenye kioo cha simu yangu.

Namba isiyo na upande

Kubeti mpira wa miguu niliacha mapema, na sababu zake kila msomaji wa hapa anazijua: mkeka, yaani beti moja ya timu kumi na mbili, timu kumi na moja zinatiki, moja inauchana. Nilipohamia kwenye jumla ya pointi za kikapu nilijiona mtu aliyepanda daraja. Hakuna haja ya kuchagua timu. Kampuni inaweka namba, tuseme 221.5, nawe unasema pointi za timu zote mbili zikijumlishwa zitazidi, ndiyo ova, au zitapungua, ndiyo anda. Ile nusu ipo ili pasiwe na sare, kwa kuwa hakuna anayefunga nusu pointi, na mwisho wa mchezo kila mtu awe upande mmoja au mwingine.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba jambo lenyewe lilionekana safi. Shabiki hubeti kwa moyo, akaamini timu yake itashinda kwa sababu anataka ishinde. Mimi sikutaka yeyote ashinde. Niliwaambia wenzangu kazini kwamba hii ya kwangu si kamari bali ni makadirio, na nililitamka neno hilo, makadirio, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti ya bajeti.

Kulikuwa na sababu ya kujiamini namna hiyo. Makadirio ndiyo kazi yangu.

Daftari la Mwaloni

Nina miaka kumi na minne katika ukarani wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Anayepafahamu mahali pale hahitaji kuelezwa: magunia, wapagazi, korongo wenye vipara wanaotembea katikati ya watu kama wakaguzi wa serikali, na harufu ambayo mke wangu anasema inafika nyumbani kabla yangu. Kazi yangu ni kujua leo kutaingia mzigo kiasi gani na kesho kiasi gani, ili bosi aamue anunue au asubiri na ili lori la mnunuzi kutoka Kongo au Rwanda lisilale hapa siku mbili bila sababu.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri pale ambapo mwezi haupo. Siku za giza mitumbwi huingia ziwani. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza. Ya pili ni upepo. Ya tatu ni jua, kwa sababu dagaa waliovuliwa wakanyeshewa kabla ya kukauka hushuka hadhi, wanaishia kuwa chakula cha kuku, na gunia lake si gunia lile lile ingawa mizani inasema uzito ni ule ule. Mtu akinipigia kutoka Ukerewe saa nne usiku akaniambia kwamba kunanyesha, najua bei ya keshokutwa kwa namna ambayo mnunuzi aliyelala kwenye basi hawezi kuijua.

Basi nikafungua daftari la kikapu nyuma ya daftari la dagaa, yaani nililigeuza kaunta buku juu chini nikaanza kuandika kutoka mwisho. Mbele yalikuwa magunia na nyuma zilikuwa pointi. Niliandika tarehe, timu, namba iliyowekwa, jumla iliyopatikana, na pembeni maoni mafupi: timu hii inakimbia, hii imecheza jana na imechoka, hawa wanatupa pointi tatu nyingi mno. Niliweka beti 61, zote za shilingi 2,000 kila moja, bila kupandisha dau hata siku niliyokuwa na hasira. Nidhamu hiyo najisifia hata leo. (Tazama jinsi lugha yetu ilivyoipa jina moja fedha unayoiweka mezani na chombo unachokipeleka majini. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipokuwa naandika safu ya "dau" nyuma ya daftari la mizigo iliyotoka ziwani.)

Mzee anayeshika mizani pale kazini aliliona daftari siku moja, akalipindua huku na huku.

"Na hili nalo ni la bosi?"

"Hapana mzee, hili la kwangu. Nakadiria."

"Mimi gunia nalipima, mwanangu," akasema. "Silikisii." Akarudi kwenye mizani yake.

Nilimcheka kimoyomoyo. Mzee huyo hajui kusoma grafu.

Sekunde 24

Nisije nikaonekana kana kwamba namba zenyewe hazina uzuri, kwa maana zinao, na ndizo zilizonivuta. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers pointi 19 kwa 18. Jumla 37, kwa mchezo mzima wa dakika 48. Lakers walikuwa na George Mikan, ambaye hakuna aliyeweza kumzuia, kwa hiyo wageni wakaamua kuushika mpira na kukaa nao, kwa sababu Mikan hawezi kufunga mpira ambao hanao. Kati ya zile 18 za Lakers, yeye peke yake alifunga 15. Watazamaji walilipa viingilio kutazama watu waliosimama na mpira mkononi.

Ligi hiyo ya Marekani, NBA, ilikuwa inakufa kwa uchoshi. Mwaka 1954 mmiliki wa timu ya Syracuse, Danny Biasone, akaja na jawabu ambalo ni hesabu ya karani hasa. Aliangalia michezo aliyoifurahia, akaona kila timu hutupa takriban mara 60, yaani mitupo 120 kwa timu zote mbili. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Tangu hapo timu ikipata mpira ina sekunde 24 za kutupa, la sivyo unakwenda kwa wapinzani. Katika msimu mmoja tu wastani wa timu ukapanda kutoka takriban pointi 79 hadi 93.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa injini ya meli. Nikaona kwamba jumla ya pointi si bahati inayodondoka kutoka juu. Ina mashine chini yake, na mashine hiyo inapimika. Chukua idadi ya mara timu inapopata mpira, zidisha kwa pointi zinazopatikana kila mara. Mwaka 1979 ligi ikaongeza mstari wa pointi tatu, na leo timu zinatupa kutoka mbali kwa wingi ambao Biasone asingeuamini. Ndiyo maana ninapolinganisha namba za Marekani na za ligi ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021, ambako mchezo ni wa dakika 40, najua kabla ya kufungua simu kwamba moja itakuwa juu sana kuliko nyingine.

Yote hayo ni kweli. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba anayejua mashine inavyofanya kazi amekwisha kumzidi aliyeweka bei ya mashine.

Kuna mchezo mwingine ambao ningepaswa kuutafakari zaidi. Tarehe 13 Desemba 1983 Detroit Pistons waliwafunga Denver Nuggets 186 kwa 184, jumla 370. Watu huikumbuka namba ile kubwa. Mimi sasa nakumbuka kwamba muda wa kawaida uliisha 145 kwa 145, yaani 290, na kwamba pointi 80 zilizobaki zilitoka katika vipindi vitatu vya nyongeza. Mtu wa ova anaweza kuokolewa na nyongeza. Mtu wa anda, tangu mchezo huu uanze kuchezwa duniani, hajawahi kusaidiwa na nyongeza hata mara moja. Na kabla ya nyongeza kuna zile dakika za mwisho ambapo timu iliyo nyuma huchezea faulo makusudi ili kusimamisha saa, wapinzani wakaenda kwenye mitupo huru, pointi zikaingia mojamoja bila mtu kukimbia. Katika daftari langu lenye maoni ya uchovu na kasi, hakukuwa na safu ya hayo. Aliyeiweka 221.5 alikuwa nayo.

Habari iliyoshuka kwenye basi

Jioni ya siku ile, kabla sijalala, namba ilikuwa 226.5. Niliamka saa nane usiku, maana michezo mingi ya pwani ya mashariki ya Marekani huanza kati ya saa tisa na saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, nikasoma kwamba mfungaji mkuu wa timu mojawapo hatacheza kwa sababu ya kifundo cha mguu. Moyo ukanidunda. Bila yeye pointi zitapungua. Anda! Nikafungua ukurasa wa kampuni na kukuta namba imeshuka hadi 221.5, nami, badala ya kushtuka, nikaona kushuka kule ni uthibitisho kwamba nimefikiri sawasawa.

Ilinichukua wiki mbili kuona nilichokifanya. Ile tofauti ya pointi tano ndiyo habari yenyewe, imekwisha kupimwa na kuingizwa kwenye bei. Mimi nilinunua baada ya bei kubadilika, kwa sababu ile ile iliyokuwa imeibadilisha, kana kwamba sababu hiyo hulipwa mara mbili.

Kila wiki namwona mtu wa aina hiyo Mwaloni. Anashuka kwenye basi asubuhi, amesikia njiani kwamba Ukerewe kumenyesha, anakuja mbio akiamini kwamba yeye ana siri. Wakati huo mimi nilikwisha kupigiwa simu saa nne usiku na bosi wangu alikwisha kupandisha bei ya dagaa wakavu kabla jogoo hajawika. Huwa tunamkaribisha vizuri, tunampa kiti. Ni mteja.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho kwa mara 61.

Shilingi mia

Jumapili moja nikalichukua daftari, nikaketi nje chini ya mwembe, nikafunga hesabu kama ninavyofunga mwezi kazini.

Beti 61. Nilizoshinda, 33. Nilizopoteza, 28.

Nikafurahi, kwa sababu nilikuwa nimeshinda zaidi ya nilivyopoteza. Kisha nikaanza kuweka fedha. Odi zangu, yaani namba inayozidishwa kwa dau ukishinda, zilikuwa 1.85 kwa ova na 1.85 kwa anda, kwa hiyo kila nilipopatia nilipata faida ya 1,700 na kila nilipokosea nilipoteza 2,000. Mara 33 kwa 1,700 ni 56,100. Mara 28 kwa 2,000 ni 56,000.

Faida: shilingi 100.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu, mara ya mwisho kwa kikokotoo. Miezi minne ya kuamka saa nane usiku, na kilichopatikana ni sarafu moja yenye sura ya Mwalimu, ambayo dukani kwetu ukiitoa mwenye duka anakuuliza unataka pipi gani. Na hapo bado sijatoa kodi inayokatwa kwenye ushindi, wala bando. Daftari lilisema nimepata mia; simu ilisema vingine.

Ukitaka kuona fedha inakopotelea, usinitazame mimi peke yangu. Chukua watu wawili, mmoja wa ova na mmoja wa anda, kila mmoja kaweka 1,000. Kampuni imeshika 2,000. Mmoja atashinda, atalipwa 1,850, na 150 zinabaki, yeyote awaye aliyeshinda na vyovyote walivyocheza wale vijana huko Marekani. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwa odi hizo, anayetaka asipate wala asipoteze lazima apatie zaidi kidogo ya mara 54 katika kila 100, na mimi, kwa kujitahidi kwangu kote, nilikuwa nimefika palepale kwenye mstari na kusimama juu yake.

Lakini je, nilifika kwa ujuzi? Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya mia yenyewe. Nikachukua sarafu ya shilingi 200, upande mmoja Karume na upande wa pili simba, nikairusha mezani mara 61 huku nikiandika. Simba walitokea mara 29. Nikacheka, nikasema naam, ujuzi upo. Nikarudia mara 61 nyingine ili niwe na uhakika.

Simba 34.

Sarafu ilinizidi kwa moja, na haikuwa imekesha hata usiku mmoja. Baadaye nilikaa na mwalimu wa hesabu wa jirani, akanionyesha kwa kalamu kwamba ukiirusha sarafu mara 61, kupata 33 au zaidi ni jambo linalotokea karibu mara tatu katika kila kumi. Akaniuliza ni kwa ajili ya nini. Nikasema ni kwa ajili ya dagaa.

Filimbi

Nilikuwa na utetezi mmoja uliobaki, kwamba kwenye jumla ya pointi hakuna wa kuuza mchezo. Timu inayouza mchezo inapaswa kushindwa, na kushindwa huonekana. Nilidhani jumla haina mwenyewe, hivyo haina wa kuihonga.

Nadhani ni kinyume kabisa. Mtu anaweza kuigusa jumla bila kubadilisha mshindi. Mwamuzi akipuliza faulo nyingi kidogo, saa inasimama, mitupo huru inaongezeka, na hakuna shabiki wa upande wowote atakayelalamika kuliko kawaida. Sisemi kwamba ndivyo inavyofanyika. Nasema tu kwamba nilikuwa nimejifariji kwa jambo lisilo faraja. Mwamuzi Tim Donaghy alikiri makosa mahakamani mwaka 2007 kwa kuhusika na kamari ya michezo ya ligi ambayo yeye mwenyewe alikuwa akichezesha, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Aprili 2024 ligi ilimfungia maisha mchezaji Jontay Porter, na kati ya sababu zilizotajwa ni kutoa taarifa za siri kwa wanaobeti na kupunguza muda wake uwanjani kwa ajili ya beti. Hakuhitaji timu yake ishindwe. Alihitaji yeye mwenyewe asifikishe namba fulani.

Sikulikalia jambo hilo kwa muda mrefu. Aliyenila mimi hakuwa mwamuzi.

Kijana wa Dar es Salaam

Mwaka 2009 nilikuwa kijana, na nilisimama na wenzangu katika duka la intaneti mjini, watano kwenye kompyuta moja, tukisubiri ukurasa ufunguke. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alikuwa amechaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa NBA wa mwaka ule. James Harden alichaguliwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Leo watu huleta orodha hiyo kama kichekesho, kwa kuwa Harden na Curry walikuja kuwa nyota wakubwa na Thabeet hakudumu. Sisi hatukuwa na la kucheka. Kwa karibu misimu miwili baadaye nilikuwa natafuta matokeo ya Memphis kila nilipopata fedha ya nusu saa, na Thabeet akifunga pointi nne nilitembea kutoka pale mpaka Kirumba nikiwa nimezifunga mimi.

Ninalikumbuka hilo si kwa ajili ya kulia ya zamani. Ninalikumbuka kwa sababu wakati ule sikuwa na picha ya video pia. Nilikuwa natazama namba kwenye kioo, kama ninavyofanya sasa. Namba zilikuwa zilezile. Lakini nne za Thabeet zilikuwa za Thabeet, na upande mmoja ulikuwa unafurahi na mwingine unaumia, nami nilijua niko upande upi.

Katika miezi minne ya makadirio nilimchukia kijana mmoja, mchezaji wa akiba, aliyeingia zikiwa zimebaki sekunde 40 timu yake ikiwa nyuma kwa pointi 19. Kwa mujibu wa maandishi ya kwenye simu alifunga kikapu chake cha kwanza cha msimu. Pengine mama yake alikuwa uwanjani. Jumla ikavuka namba yangu kwa nusu pointi, nami nikamtukana gizani, kwa sauti ya chini ili nisiwaamshe watoto.

Usafi niliokuwa nausifia ndio huo. Sikuwa na upande, kwa hiyo kila aliyefunga alikuwa adui yangu, au kila aliyekosa alikuwa rafiki yangu, kutegemea nilichokiandika kwenye daftari jioni.

Sijui niseme nimeacha au la. Daftari la nyuma sijaliandika tangu siku ile, lakini asubuhi nikisubiri daladala huwa bado nafungua simu kutazama waliweka namba gani na ikaisha ngapi, na kichwani najisemea, ova, ningekula. Matokeo ya mchezo ule wa 222 sijayatafuta mpaka leo. Nimekuwa na simu mkononi na jina la timu limekwisha kuandikwa, nikafuta.

Chaki

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa na mchezo, shule yao na shule ya Nyakato, kwenye uwanja wa saruji wenye nyufa na goli moja lisilo na wavu. Mwalimu aliyepaswa kushika ubao hakufika. Mwalimu wa michezo akatutazama wazazi, wachache tuliokuwepo, akaja kwangu na kipande cha chaki.

"Baba, wewe si karani? Tusaidie."

Ubao ulikuwa wa kuegemeza kwenye kiti. Nikachora mstari wa katikati, nikaandika jina la shule yetu kushoto na la wageni kulia. Kisha mkono, bila kuniuliza, ukachora mstari wa pili pembeni, wa safu ya tatu, nami nikabaki naitazama ile nafasi tupu niliyoitengeneza. Mtoto mmoja wa akiba aliyekuwa ameketi karibu akauliza hiyo ni ya nini.

"Nimekosea," nikamwambia, nikaifuta kwa kiganja.

Kuandika matokeo ya watoto si kazi rahisi, kwa kuwa mpira unapotea, wanagombana, mwamuzi anafuta kikapu ambacho umekwisha kukiandika, na wazazi wa upande wa pili wanakuja kuhakiki. Mara mbili niliandika pointi kwenye safu isiyo yake nikapigiwa kelele. Kufikia robo ya tatu nguo yangu yote ilikuwa chaki. Binti yangu alitupa mara nyingi, akafunga mara mbili, na mara ya pili aligeuka kutazama ubao kabla hajanitazama mimi, kuhakikisha kwamba imeandikwa.

Shule ya Nyakato walishinda, 31 kwa 27.